Sababu ya Kifo: Haijulikani

Jumatatu, 3 Machi

Nyangumi wa saba. Saba tangu Januari! Miaka mingine hapa tunapata wawili, wakizidi sana watatu, na watu wanaleta watoto wapige nao picha. Sasa hata watoto wamechoka.

Simu ilikuja saa mbili asubuhi. Tumefika saa nne na nusu, kwa sababu dereva wetu haendeshi gari, analibembeleza. Ndiyo maana anaitwa Breki. Nikamwambia akanyage mafuta. Akanijibu, mama, nyangumi hakimbii. Kweli, hakimbii. Anaoza.

Dume, mita tano na sentimita arobaini. Mmoja wa wale wenye mdomo mrefu, wanaozama kilindini zaidi ya saa nzima kabla ya kuja juu kuvuta pumzi. Kavimba, ngozi inachunika. Daraja la tatu la kuoza. Nimepima, nimekata kipande cha mafuta na kipande cha ini, nimefungua tumbo — tupu. Hana jeraha. Hana alama ya nyavu. Masikio nimeyaacha, yameshakuwa uji. Sikio la nyangumi ndilo linalooza kwanza. Ukichelewa siku moja umekosa kila kitu, na mimi siku zote nachelewa.

Kwenye fomu kuna ile sehemu ya mwisho. Sababu ya kifo: ugonjwa, uzee, nyavu, haijulikani. Chagua moja. Nimeandika pembeni kwa peni nyekundu: "Angalieni meli." Mkurugenzi amekata maneno yangu kwa rula, mstari umenyooka vizuri kabisa, kisha akatia alama kwenye haijulikani. Mara ya saba hiyo. Ofisini tunamwita Bwana Subiri, akiwa hayupo. Subiri tupate taarifa kamili. Subiri wakubwa waamue. Subiri!

Jumanne, 4 Machi

Nimeoga mara tatu. Mama anasema bado naingia na mzoga sebuleni. Kanitengea kiti changu uani, cha plastiki, ili kifutike. Asante sana, mama.

Alhamisi, 6 Machi

Meli imetia nanga tangu Jumamosi, wanajaza mafuta. Kwa hiyo Kinda yuko nyumbani. Kaja kumsalimia mama, kala sahani mbili, kalala kwenye kochi na viatu. Mdogo wangu wa mwisho. Ana miaka ishirini na tisa na mke, lakini hapa nyumbani ataitwa Kinda mpaka aote mvi.

Niandike hili ili nikilisoma tena nijione nilivyo mjinga. Ile meli inatafuta gesi. Inavuta nyuma yake mizinga ya hewa, na mizinga hiyo inapiga baharini kila baada ya sekunde kumi, mchana kutwa, ili wajue kuna nini chini ya mchanga. Sisi huku nchi kavu hatusikii hata mlio. Nyangumi yeye anaishi kwa masikio — chakula chake, njia yake, mtoto wake, vyote anavipata kwa kusikia. Na sheria inasema lazima awepo mtu juu ya meli mwenye darubini. Akiona nyangumi karibu, anapiga redio, mizinga inanyamaza.

Mtu huyo ni Kinda. Nilimtafutia kazi hiyo mimi. Miaka mitatu alinibebea ndoo za sampuli, nikamfundisha kutambua pezi kwa mbali, kukadiria umbali kwa kidole, kuandika. Barua ya kumsifu niliiandika kwa mkono wangu, kurasa mbili. Nikajiona mjanja: nimeweka jicho langu ndani ya meli yao!

Leo nimemwuliza. Saba, Kinda. Wewe huko juu umeona wangapi? Akasema hajaona kitu. Bahari kubwa, Dada. Akageukia ukutani.

Jumatatu, 10 Machi

Nina hasira mpaka peni inatoboa karatasi.

Kikao cha mwezi. Watu wa meli walikuja wawili, wamevaa mashati yenye nembo, wananukia. Nikasimama na jedwali langu. Nyangumi saba kwa wiki kumi, wote aina moja, wote hawana jeraha, na meli ilianza kazi Januari. Nilidhani nimemaliza. Hata nilikaa kitako, nikakunja mikono.

Subiri akaomba lile jedwali. Akaliweka kando ya ratiba ya meli, akaanza kusoma polepole, kwa sauti ile ya kumfundisha mtoto kuhesabu. Wa kwanza, tarehe kumi na moja Januari — meli iko bandarini. Wa pili, meli iko bandarini. Wa tatu, meli iko nje. Wa nne, bandarini. Akafika mwisho, akavua miwani. Watano kati ya saba wametupwa pwani wakati meli imefungwa kamba, mizinga imelala. Hizi si takwimu zangu, akasema, ni za mwenzetu mwenyewe.

Mmoja wa wenye nembo akacheka. Hakucheka kwa nguvu. Afadhali angecheka kwa nguvu.

Miaka kumi na nne katika kazi hii! Amenivua nguo mbele ya watu kwa karatasi yangu mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimejua. Mpumbavu mimi! Mpumbavu wa kutafutiwa dawa!

Tarehe. Kwenye jedwali langu safu ya kwanza imeandikwa tarehe, basi. Hakuna aliyewahi kuuliza tarehe ya nini. Siku ya kwanza kazini nilikuta daftari la simu liko mezani, nikawa naandika tarehe simu ilipolia. Miaka kumi na nne naandika tarehe simu ilipolia! Si siku nyangumi alipokufa. Wa Jumatatu iliyopita alikuwa daraja la tatu, kavimba, siku nne tano yuko majini anasukumwa na mawimbi. Simu imelia tarehe tatu, lakini mwenyewe alikufa mwezi wa pili, na mwezi wa pili meli ilikuwa kazini!

Nimelirusha daftari la simu mpaka mlangoni. Katibu muhtasi kaliokota, kalifuta vumbi, kaniuliza kama nataka maji.

Meli imeng'oa nanga leo asubuhi. Kinda kaondoka bila kuaga.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa na fomu zote tangu asubuhi. Daraja kwa daraja. La kwanza yuko hai. La pili kafa leo au jana. La tatu kavimba, siku tatu mpaka wiki. La nne amefumuka, tuseme wiki mbili. La tano mifupa na ngozi. Nimetazama picha moja moja, joto la maji la kila wiki, upepo ulikotoka. Nimerudisha siku nyuma kila mmoja.

Sita kati ya saba wamekufa meli ikiwa inapiga mizinga. Wa nne sijui. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, nilipima harakaharaka nikakimbilia garini. Sitatia chumvi, wa nne sijui.

Nikampelekea Subiri. Hakufungua hata ukurasa wa pili. Kasema mtu hawezi kushindwa Jumatatu, halafu Jumatano abadilishe tarehe. Watatucheka. Leta kitu cha kushikika.

Kinachonichoma ni kwamba hapo ana haki. Ningekuwa mimi ni yeye ningesema vilevile. Na kitu cha kushikika ni kimoja tu: sikio bichi. Sikio lililotolewa siku ileile. Kwa hiyo sasa mimi, mtu mzima, nalala nikiomba nyangumi aje afie karibu, na afe vizuri. Kazi gani hii?

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna. Nimenoa visu.

Jumatano, 19 Machi

Mikono inanuka. Lakini niandike leo leo.

Simu saa moja kasoro. Yuko hai! Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kakanyaga mafuta. Tumefika saa mbili na nusu. Jike, mdomo mrefu, kalalia ubavu kwenye maji ya magotini. Watu walishafika na ndoo, wanammwagia maji mgongoni, wengine wamemfunika mashuka yaliyoloa. Hakuna aliyewatuma. Tumemsukuma kurudi kwenye kina, watu kumi na watano, maji mpaka kifuani. Akaenda, akageuka, akarudi palepale. Tukamsukuma tena. Akarudi tena. Anagonga mchanga, anazunguka upande mmoja tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo akaniuliza kama ni kipofu. Nikamwambia hapana, hasikii. Nilisema hivyo bila ushahidi wowote, na sijuti.

Chuchu zake zina maziwa. Niliminya moja, yakatoka, mazito, meupe. Nikainuka nikaangalia baharini kote, nikamwambia Breki apande juu ya gari naye aangalie. Hakuna mdogo. Sijui yuko wapi.

Kafa saa tisa alasiri. Pumzi zilikuwa zinachelewa, na kila ikichelewa hata wenye ndoo wanaacha kumwaga maji. Halafu ikaja moja, nzito. Tukaisubiri nyingine.

Sikuwa na nafasi ya kulia. Nilikuwa bado navaa glovu tingatinga likatokea. Tingatinga! Wale saba waliozea hapahapa, wa tatu alikaa siku tisa mpaka mbwa wakamchoka. Leo, saa moja haijaisha, tingatinga limefika, na mwendeshaji ana karatasi yenye sahihi ya Subiri: azikwe mara moja kwa sababu za kiafya. Afya ya nani? Nikamwambia nipe saa mbili. Akasema, mama, mimi nimetumwa.

Sasa Breki. Breki akaleta gari letu polepole, kama kawaida yake, akalisimamisha katikati kabisa ya njia ya tingatinga, kati ya mawe na maji. Akazima. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa kitu, akakitia mfukoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Gari limekufa, akatangaza. Miaka kumi na moja gari hilo halijawahi kumzimikia hata siku moja! Akakaa kwenye bampa akaanza kujipepea kwa kofia.

Nikakata. Nyuma ya taya, ndani ya mafuta, mpaka unagusa mfupa, halafu unapapasa kwa vidole kwa sababu macho hayasaidii kitu. Sikio la ndani liko kwenye mfupa wake peke yake, mgumu, wa kujaa kwenye ngumi. Nikalitoa. Nikatoboa kidirisha chake, kile kiutando chembamba, nikaingiza formalini, dawa ya kuzuia kuoza, kwa sindano, taratibu, taratibu, nikijisemea mwenyewe usiwe na haraka wewe, usiwe na haraka. Dakika arobaini. Limeingia kwenye chupa.

La pili liko chini, amelilalia. Tani nzima na ushee. Nikapiga magoti kwenye damu na maji, nikawa nachimba mchanga kwa mikono, mtu mzima nachimba! Mwendeshaji wa tingatinga alikuwa ananitazama muda wote huo. Akatupa sigara. Akasema, mama, nikikugeuzia je?

Breki na watu wa ndoo wakalisukuma gari kando, akamgeuza. Kwa ile koleo kubwa, taratibu, kama anageuza mgonjwa kitandani. Nikapata la pili. Breki akaona nimefunga chupa, akarudisha kitu chake kwenye injini, gari likafufuka. Na mwendeshaji akamzika nyangumi kama alivyotumwa, akaniletea karatasi niisaini kwamba kazi imefanyika.

Alhamisi, 20 Machi

Barua ya kujieleza. Kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuzuia zoezi la afya ya umma. Saa arobaini na nane. Breki naye kapewa ya kwake, kaniomba nimsaidie kuandika. Tumeandika: "Gari lilikufa." Kasema inatosha, asije akapiga chuku.

Alhamisi, 27 Machi

Daktari wa mifugo, niliyempelekea chupa zangu, kaniita. Huyu siku zote anatibu ng'ombe na mbwa wa watu, lakini hadubini yake ni nzuri kuliko ofisi yetu nzima, na haogopi mtu. Kanikalisha, kanipa nafasi ya kuangalia mwenyewe. Damu imeganda ndani ya masikio yote mawili. Sehemu laini za kusikilizia zimechanika. Hakuna minyoo, hakuna usaha, hakuna ugonjwa. Kasema kwa maneno yake: huyu kapigwa na sauti.

Nilitaka kumkumbatia! Akanizuia kwa mkono. Akasema subiri — hata yeye! — mimi naweza kusema sauti, siwezi kusema sauti ya nani. Watu wa meli wataleta fomu zao za kila saa. Kama mlinzi wao, yule wa darubini, ameandika kwamba siku zile hakukuwa na nyangumi hata mmoja karibu na meli, watasema kapigwa kwingine. Fomu hizo zina sahihi ya mlinzi. Bila kuziangusha fomu, sikio lako ni nyama kwenye chupa.

Akaniuliza kama namfahamu mlinzi.

Nikasema namfahamu kidogo.

Ijumaa, 28 Machi

Meli imeingia bandarini. Kamati kutoka makao makuu inakuja tarehe saba Aprili. Daktari kapeleka taarifa yake moja kwa moja kwao, kampita Subiri juu kwa juu. Subiri leo kanisalimia kwa jina langu kamili. Sijawahi kuogopa salamu kiasi hicho.

Jumapili, 30 Machi

Mama alitaka tule wote pamoja. Kinda na mkewe, mimi. Nilijikaza kisabuni mpaka sahani zikatolewa, halafu nikashindwa.

Nikamwambia, jike lile lilikuwa na maziwa, Kinda. Masikio yamechanika yote mawili. Wewe ulikuwa juu na darubini. Uliona nini?

Akasema hakuona kitu. Uso mkavu. Nikamwambia anitazame anapoongea nami, nimemnawisha huyu, nimemfunga kamba za viatu. Akatazama meza. Akasema, "Dada, unataka nifanye nini? Unataka wanitupe nje?" Nikasema nataka ukweli. Akasema ukweli ameshausaini, uko kwenye fomu.

Nikapiga meza. Glasi ikaanguka. Mama akapandisha sauti, akasema hataki watoto wake wagombane kwenye nyumba yake kwa sababu ya samaki.

"Si samaki, mama!" Tumesema sote wawili, mimi na Kinda, kwa pamoja. Ningekuwa sina hasira ningecheka. Yeye karibu acheke. Halafu akainuka akaenda kuvaa viatu.

Jumanne, 1 Aprili

Wamejua kwamba ni mdogo wangu. Subiri kaniita, kafunga mlango, sauti ya upole. Anasema ananiwazia mimi na familia yangu. Anasema ikithibitika kwamba fomu za melini zilijazwa uongo, atakayejibu si kampuni. Ni aliyesaini. Ni kosa la jinai, tena lina kifungo. Kampuni itasema ilimwamini.

Kisha akasema bado kuna nafasi ya mimi kuandika kwamba sampuli zilichelewa. Maneno mawili tu. Sampuli zilichelewa, kila mtu anarudi nyumbani kwake.

Nikatoka. Mwanaharamu yule. Ana haki tena, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Wenye mashati ya nembo watalala kwao, na Kinda atalala ndani.

Ijumaa, 4 Aprili

Wifi kaja ofisini mchana, hajawahi kufika ofisini kwangu hata siku moja. Hakukaa. Kasema Kinda halali, anaamka anakwenda kukaa jikoni, akiulizwa anasema ana joto. Kafungua mkoba, kanitolea daftari dogo la buluu. "Wifi, sijui utalifanyia nini. Usiniambie." Akaondoka, nikamsikia anateremka ngazi mbilimbili.

Mwandiko wa Kinda. Na utaratibu wangu! Nilimfundisha hivyo: kwanza andika kwenye daftari lako kile jicho limeona, kabla hujaongea na mtu yeyote, kabla hujajaza fomu ya mtu yeyote. Saa, upande, umbali, wangapi. Hajawahi kuacha, mtoto huyu. Kila siku, tangu Januari.

Ameona mara kumi na moja. Kumi na moja!

"14 Januari, saa 3:10 asubuhi. Watatu, mdomo mrefu, mita mia tano, kulia. Nimepiga redio. Jibu: tumalizie mstari kwanza. Mstari mmoja wa kupima una saa nne. Fomu: hakuna."

"2 Februari. Wawili, mita mia nne. Nimepiga redio. Nimepiga tena. Jibu: wewe nani aliyekuajiri? Fomu: hakuna."

Mara saba kapiga redio, mara saba wamekataa. Nikawa nasoma nafurahi, Mungu anisamehe, nafurahi kwa sababu mdogo wangu alisema! Alipiga kelele, wakamziba mdomo. Nilitaka kukimbia na daftari mpaka kwenye kamati siku hiyohiyo.

Halafu kurasa za mwisho. Mara nne za mwisho hakuna neno redio. "25 Februari. Mmoja, mita mia sita. Fomu: hakuna." Basi. Na ya mwisho kabisa:

"18 Machi, saa 12:40 asubuhi. Wawili, mama na mtoto, mita mia tatu, kushoto. Wanakuja upande wetu. Sikupiga redio."

Nimeisoma mara nyingi sana. Sikupiga redio. Jike langu lilifika mchangani tarehe kumi na tisa.

Ningeweza kumpiga. Ningemkuta pale ningempiga kofi, mtu wa miaka ishirini na tisa. Na ningempiga nahodha, na wale wawili wanaonukia, na Subiri na rula yake. Na mimi mwenyewe kwanza, mimi niliyempandisha pale juu nikamwachia darubini na mashati yao, na mke wa kulisha, nikarudi zangu ofisini kuandika tarehe za simu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefungua daftari. Nimelifunga. Nimelifungua.

Mama ananiuliza naumwa na nini. Nimesema kichwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Niko koridoni, benchi la mbao, nje ya ukumbi. Mapumziko ya dakika ishirini. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga mtu.

Mwenyekiti wa kamati ni mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba, hacheki na mtu. Alianza kwa kusema kila atakayeongea leo anaongea chini ya kiapo, na aliyejaza fomu za uongo atajibu yeye mwenyewe, mwajiri hatamjibia. Aliisema akimtazama kila mmoja. Daktari kaongea vizuri. Kaonyesha picha za masikio ukutani, kubwa, mpaka mwenye nembo mmoja akaangalia dirishani.

Kisha wakamwita Kinda. Kakaa upande wao! Kavaa shati lao, limepigwa pasi, hakuna wa kumpigia pasi vile ila wifi. Mkono juu ya kitabu, kaapa. Mwenyekiti kamwuliza maswali matatu tu. Tarehe kumi na nane Machi ulikuwa zamu? Ndiyo. Sahihi hii ni yako? Ndiyo. Tangu Januari mpaka leo, umewahi kuona nyangumi karibu na meli?

Akaitazama tena ile sahihi. Nilisikia feni. Nilisema moyoni sema, sema mwanangu, sema ukweli nitasimama na wewe, nitakwenda na wewe popote watakapokupeleka.

Akasema, "Hapana. Sijawahi."

Kwa kiapo. Sasa si fomu tu. Sasa na kiapo pia, na kila nitakalolitoa mimi linamfunga mara mbili. Angenyamaza tu! Angesema hakumbuki! Watu hawa wamemfundisha kusema uongo mzima mzima, kwa sauti ya kunyooka, na sauti ile nimeilea mimi.

Baada ya mapumziko ni zamu yangu. Daftari liko kwenye mkoba, mkoba uko magotini. Nikilitoa, fomu zinaanguka zote, mizinga inanyamazishwa, labda wiki hii hii, na mdogo wangu anatoka humu kati ya polisi wawili. Nisipolitoa, sikio langu ni nyama kwenye chupa, na meli ikitoka tena bandarini wataendelea kupiga kila sekunde kumi. Subiri kapita sasa hivi, kanigusa bega, kasema maneno mawili tu. Nimemwambia asiniguse.

Mlango wa ukumbi umefunguka. Kinda katoka. Anakuja huku. Ameshika vikombe viwili vya chai, anatembea polepole asimwage, anapita katikati ya watu, samahani, samahani. Hata leo. Hata baada ya lile alilolisema mle ndani, kaniletea chai.

Kaona mkoba. Kamba yake imelegea, na kipande cha buluu cha daftari lake kimechungulia nje, sikukisukuma vizuri.

Amesimama hatua tatu kutoka hapa. Hanitazami mimi, anatazama mkoba. Chai inamwagikia vidoleni, na hasogei —